Vitabu Vyenu, Maoni Yenu

Mama mmoja wa Temeke atuandikia kwamba amemnyang'anya bintiye "Rosa Mistika", kitabu cha E. Kezilahabi cha mwaka 1971, kwa kuwa kina mambo ya aibu. Hayuko peke yake. Kiliwahi kukatazwa mashuleni. Lakini, mama, umekisoma mpaka mwisho? Rosa apigwa na babaye mlevi, Zakaria, kwa ajili ya barua ya mvulana. Akanywa kila kitu, wala haelezwi sababu. Akiwa mbali naye, ndipo apoteapo. Mrudishie, mkisome pamoja, na baba naye asikie.

Bwana wa Kinondoni asifu "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960): Bwana Msa na kiko chake wamemkosesha usingizi. Hata sisi! Na aulizaye "Peponi" ya Gurnah kwa Kiswahili: ilitoka 2022, mfasiri ni Ida Hadjivayanis.