Kimea Kitoke Daftarini, Kiingie Sufuriani

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atakueleza bila kusitasita kwamba nomino 'kimea' imetokana na kitenzi 'mea', sawa na nomino 'mmea'. Mwulize ni lini alipotengeneza kimea kwa mikono yake mwenyewe, naye atakutazama kwa mshangao. Rai yangu katika makala haya ni kwamba neno hili litoke katika daftari zetu na liingie katika sufuria zetu.

Hali ya mwanafunzi anayeishi katika chumba cha kukodi haihitaji maelezo marefu. Muhula uanzapo, fedha za mkopo zingalipo na sukuma wiki haikosekani. Muhula ukaribiapo kikomo, mlo huwa chai na mkate asubuhi, wali mtupu jioni. Mboga ndiyo hutangulia kuachwa. Udhuru unaotolewa aghalabu ni kwamba hatuna shamba. Kwa maoni yangu, udhuru huu hauna mashiko, kwani ipo mboga isiyohitaji udongo, mbolea wala jua: ndengu zilizooteshwa.

Utaratibu wenyewe ni sahili. Chukua kikombe kimoja cha ndengu, ambazo wenzetu wa pwani huziita pojo na majirani zetu wa Tanzania choroko. Zichambue, zioshe, kisha uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yote na uziweke katika kopo safi lililofunikwa kwa kitambaa chepesi, mbali na mwanga. Zisuuze kwa maji safi asubuhi na jioni, ukiyachuja kabisa, kwa sababu maji yakituama ndengu huoza. Siku ya tatu au ya nne utaona mikia myeupe imerefuka, na kikombe kimoja kitakuwa kimejaza bakuli kubwa.

Faida si wingi pekee. Ndengu kavu zina vitamini C kidogo mno, lakini mbegu huitengeneza inapochipuka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtafiti Harriette Chick na wenzake wa London walibainisha kuwa mbegu za jamii ya kunde zilizooteshwa husaidia kuzuia kiseyeye.

Wapo watakaodai kuwa hiki ni chakula cha kigeni, cha mikahawa ya Kichina. Dai hilo linapuuza jadi yetu. Kimea cha wimbi kimetumika tangu zamani katika magharibi ya Kenya kutengenezea busaa. Ujuzi wa kuloweka nafaka, kuifunika na kungoja ichipue ulikuwa mikononi mwa nyanya zetu. Tunachobadilisha sisi ni mbegu na matumizi tu.

Hata hivyo, sitaki kumpotosha msomaji. Unyevu na joto vinavyootesha ndengu hustawisha bakteria pia. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi zilihusishwa na mkurupuko wa maradhi ulioua zaidi ya watu 50. Kwa hivyo, mboga hii sharti ipikwe hadi iive. Kaanga kitunguu na nyanya, kisha uitie. Moto utapunguza vitamini kiasi, lakini afadhali hasara hiyo kuliko kulazwa hospitalini. Fauka ya hayo, nunua ndengu za kula, si mbegu za kupanda zilizotiwa dawa. Wala usidhani kwamba kila mbegu yafaa: machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sianidi, na maharagwe mekundu yasiyoiva hudhuru tumbo.

Ni bayana kwamba ndengu pekee haziwezi kuondoa ufukara wa mwanafunzi, na suala la mikopo kuchelewa lina wahusika wake wanaopaswa kuwajibika. Lakini njaa ya leo haingoji kikao cha kesho. Napendekeza chama chetu kitenge alasiri moja ya maonyesho, yaendeshwe kwa Kiswahili fasaha, na kila mwanachama arudi chumbani mwake na kikombe cha ndengu. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeihudumia lugha na tumbo kwa pamoja. Penye nia pana njia.