Farasi Sita Hawapiti Kwenye Plagi Moja

"Mota ya nguvu za farasi sita hii, utazeeka nayo." Hilo ndilo la kwanza utakaloambiwa ukiingia duka la vifaa vya mazoezi kuulizia mashine ya kukimbilia ya nyumbani. Lipige hesabu kwanza. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo farasi sita ni wati 4,476. Plagi yetu ya kawaida, ile ya miguu mitatu bapa, ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230 fyuzi hiyo imekadiriwa kupitisha wati 2,990, yaani farasi wanne tu, tena kabla ya kutoa umeme unaopotelea kwenye joto. Hao sita wanaotajwa ni nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa kitambo kidogo kisha ikashuka. Inayokuhusu wewe ni nguvu ya kudumu, ambayo huandikwa kwa herufi CHP. Ya kutembea tu, 2 inatosha. Ya kukimbia mara kwa mara, tafuta 3 hivi. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hiyo, inama usome kibandiko kilicho karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Wati zilizoandikwa pale ni za kuaminika kuliko stika kubwa iliyobandikwa mbele.

Dai la pili ni kwamba mashine za mtumba kutoka Marekani ndizo imara. Fremu inaweza kuwa imara kweli, lakini umeme wa kule ni wa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja hapa kwetu, sakiti inaungua hata kabla mkanda haujazunguka. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe, na transfoma ya namna hiyo ni nzito na ina bei yake. Ijumlishe kwenye bei kabla hujatoa hela.

Kuna wanaosema mkanda ukianza kugoma, mafuta yoyote yanafaa. Ushauri huu umeua mashine nyingi. Mkanda huteleza juu ya ubao, na ubao ukikauka msuguano huongezeka, mota inavuta umeme mwingi, na mwishowe kinachoungua ni sakiti. Zima mashine, chomoa plagi, inua ukingo wa mkanda, kisha pitisha vidole katikati ya ubao, pale nyayo zinapotua. Pakiwa pakavu na panakwaruza, weka mafuta ya silikoni kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi na kunasa vumbi. Ya injini huharibu mkanda. Tena soma kijitabu hicho vizuri, maana mbao nyingine zimepakwa nta tangu kiwandani na hazitaki mafuta kabisa.

Vipi kuhusu skrini inayokuhesabia kalori? Kama mashine haikuuliza uzito wako, namba ile ni makisio ya mtu mwingine. Ukishika vishikio muda wote, unatumia nguvu pungufu ya zinazoonyeshwa. Pesa ya skrini kubwa heri iende kwenye mkanda: anayekimbia anahitaji upana wa sentimita 50 hivi na urefu wa 140 kwenda juu, la sivyo atakuwa anafupisha hatua kwa hofu ya kuanguka.

Wengine watakuambia lazima uinue mashine kwa asilimia 1, vinginevyo si mazoezi. Hilo lina asili yake: utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996 uliohusu wakimbiaji wenye mazoezi, ambao wakikimbia kwa kasi nje hupambana na upepo. Wewe unayetembea sebuleni halikuhusu.

Dai linalonikera kuliko yote ni kwamba kile kidude chekundu chenye kamba na kibanio ni cha wazee na wagonjwa. Hicho ni ufunguo wa usalama. Kibanio hubanwa kwenye nguo. Ukiteleza, kamba inauchomoa na mkanda unasimama. Mei 2021 kampuni ya Peloton ilitangaza kuzirejesha mashine zipatazo 125,000 za Tread+ nchini Marekani, baada ya mtoto wa miaka sita kufariki na kuwapo taarifa 72 za watu, wanyama na vitu kuvutwa chini ya mashine kwa upande wa nyuma. Kwa hiyo acha nafasi ya mita mbili nyuma ya mashine, na usiiwashe watoto wakiwa chumbani. Ukimaliza mazoezi, chomoa plagi, kisha uchukue ufunguo huo na kuuficha mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.