Vinyago vya Kiganjani
Ukisimama Msimbati, mkoani Mtwara, ukatazama kusini, ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji, na huko ndiko walikotoka wachongaji wengi wa Kimakonde. Karne iliyopita walivuka mto kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge, ufundi wao wakaja nao. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mizimu, katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wao. Mimi hupenda zaidi vile vinyago vidogo vya kiganjani: mama anatwanga, kinu chake hakizidi kidole gumba, na mpingo mgumu hausamehe patasi ikiteleza. Vimefika Ulaya na Marekani, mara nyingi bila jina la aliyevichonga. Ukinunua kimoja pale Mwenge, Dar es Salaam, muulize fundi jina lake, uliandike chini ya kinyago.