Glasi ya Nyumbani

Nasema tangu mwanzo, ili msomaji asije akanituhumu kwamba nimemficha: katika kurasa hizi natetea kinywaji chenye kileo. Tena natetea kinywaji cha kigeni, kilichotoka Meksiko, nacho huitwa michelada. Hutengenezwa kwa bia, ndimu, nyanya, chumvi na pilipili. Wazee wa rika langu hapa Nyasura wakisikia hivyo hucheka na kuuliza kama hiyo ni bia au ni mboga. Vijana nao huuliza kinalewesha kiasi gani, na wakijibiwa kwamba kinalewesha kidogo kuliko bia yenyewe, hamu huwaisha palepale. Nawaandikia wote wawili, mzee na kijana, maana wote wamekosea, na kosa lao linazigharimu nyumba zetu.

Habari za kinywaji hiki nililetewa na mjukuu wangu, afanyaye kazi ya jikoni katika hoteli moja ya watalii. Aliniambia, "Babu, ukiionja utadhani kachumbari imetiwa bia." Nilimwambia atengeneze. Akatengeneza, nikaonja, nikaona kwamba hakusema uongo. Kuna uchachu wa ndimu, kuna chumvi ukingoni mwa glasi, kuna pilipili inayouma ulimi kidogo kisha ikatulizwa na ubaridi wa bia. Ni ladha ile ile ya embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, ambayo kila mtoto wa shule nchini mwetu anaijua. Kwa hiyo ulimi wetu haukuhitaji kufundishwa lolote.

Sasa niwaendee kwanza wale wasemao, "Haya ni mambo ya kigeni." Ndugu zangu, semeni basi ni kipi kwenye meza yenu kisichokuwa cha kigeni. Nyanya haikuota hapa tangu enzi za mababu; asili yake ni Amerika, na watu wa Meksiko wa kale waliilima kabla Mzungu yeyote hajaiona. Pilipili vivyo hivyo. Mimea hiyo ilivuka bahari baada ya Wazungu kufika Amerika mwaka 1492, ikazunguka dunia, ikatufikia, na leo hakuna nyama choma hapa Bunda isiyosindikizwa na kachumbari. Bia ya chupa nayo ni mgeni: kiwanda cha Dar es Salaam kilianza kuitengeneza katika miaka ya 1930. Meksiko wenyewe waliletewa bia hiyo na ndimu pia, wakavichanganya na nyanya na pilipili za kwao, wakapata kitu kinachobeba jina lao. Walichokifanya ni kumtawala mgeni kwa viungo vya nyumbani. Sisi tumempokea mgeni huyo huyo, tukamwachia kiti, tukamnywa vile alivyokuja. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kama hajifunzi kitu kwa mgeni.

Niwaendee wa pili, nao ni wengi zaidi: wale wapimao kinywaji kwa kasi ya kulewesha. Hapa ndipo penye hoja yangu yote. Kuna kuchanganya kwa aina mbili. Aina ya kwanza ni ile ya vijiweni, ambapo mtu humimina pombe kali ndani ya bia ili alewe upesi kwa fedha chache. Aina ya pili ni hii ya Meksiko, ambapo bia huongezewa vitu visivyokuwa na kileo, hata nguvu yake ikapungua na ladha yake ikazidi. Mchanganyaji wa kwanza anautafuta mwisho wa safari, na yule wa pili anaifurahia safari yenyewe.

Nilikuwa mwalimu, basi nivumilieni nifanye hesabu ubaoni. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Igawe chupa hiyo katika glasi mbili, na katika kila glasi utie mililita 150 za maji ya nyanya na ndimu. Kila mnywaji atapata mililita 12 na nusu za kileo ndani ya glasi ya mililita 400, yaani asilimia 3 na kidogo. Sasa chukua kichupa kidogo cha pombe kali, mililita 200 kwa asilimia 35. Humo mna mililita 70. Kijana anayekimaliza kichupa hicho akiwa amesimama amekunywa kileo cha karibu chupa tatu za bia, au zaidi ya glasi tano za michelada, wala tumboni mwake hamna hata tonge. Msomaji aniambie ni ipi kati ya michanganyo hii inayostahili kuitwa ulevi.

Wala sisemi kwa kusikia tu. Katika miaka yangu ya mwisho ya ualimu mkuu niliokota vifuko vitupu vya pombe kali nyuma ya vyoo vya shule. Vilikuwa vidogo hata kutosha mfuko wa kaptula. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilivipiga marufuku viroba hivyo, nami nilishukuru. Lakini marufuku huondoa kifuko, haiondoi tabia. Aliyezoea kunywa kwa kukimbizana na kulewa atahamia kwenye kichupa, na akikosa cha kichupa atahamia kwenye gongo, ambayo sheria yetu imeikataza tangu mwaka 1966 na bado inapikwa. Majirani zetu wa Kenya waliyaona matokeo Novemba 2000, pale pombe iliyotiwa methanoli ilipowaua watu zaidi ya 100 Nairobi, na wengine wakapofuka macho. Watu wale hawakufa kwa sababu walipenda ladha. Hakuna anayekunywa kitu kile kwa ladha yake.

Mabingwa wa maadili huniambia, "Mwalimu, wewe unafundisha watu kunywa." Jibu langu ni kwamba wanaokunywa hawakungoja nifundishe. Walio majirani zangu Waislamu, Wasabato na Wamennonite hawanywi, nami nawaheshimu. Kwao sina neno, na wala siwashauri waanze. Nasema na yule ambaye jioni hii ataondoka nyumbani kwenda baa. Huyo namwomba alete chupa nyumbani.

Maana jambo la pili linaloniuma ni mahali. Wazee wa mkoa huu walikunywa pombe ya ulezi na mtama, tena wengine waliizunguka chungu kimoja na mirija mirefu. Lakini ilinywewa uani kwa mtu, baada ya kazi, na mwenye nyumba alijua nani amekunywa na nani sasa anyanyuke akalale. Pombe ilikuwa na mwenyewe. Baa haina mwenyewe wa namna hiyo. Ina muuzaji tu, na muuzaji hawezi kukwambia umetosheka. Baba hukaa huko hadi usiku, hula huko, hunywesha watu asiowajua kwa ukarimu ambao mkewe hajawahi kuuonja, kisha Januari hufika shuleni kuomba aongezewe muda wa kununua sare na madaftari ya mtoto. Nimewapokea akina baba wa namna hiyo ofisini kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba fedha yake ilikwisha kwa kunywa glasi moja mezani pamoja na mama watoto.

Basi tazameni jinsi glasi hii inavyotengenezwa, kwa vitu vinavyopatikana sokoni kwetu. Kwa watu wawili, chukua nyanya tatu zilizoiva barabara, zimenye, ziponde, uzichuje kwa chujio la chai. Kamua ndimu mbili. Wameksiko wengine huongeza mchuzi wa chaza, na wengine sosi nyeusi ya Kiingereza ambayo ndani yake mna samaki wadogo waliochachushwa. Sisi tunao dagaa wa Ziwa Victoria, basi tusihangaike. Osha konzi moja ya dagaa wakavu, toa vichwa, chemsha katika kikombe cha maji mpaka yabaki nusu, chuja, acha yapoe. Vijiko viwili vya chai vya maji hayo vinatosha kwa kila glasi. Tia na kipande kidogo cha pilipili kichaa kilichopondwa. Pitisha kipande cha ndimu kwenye ukingo wa glasi, kisha uuchovye ukingo huo katika kisahani chenye chumvi na unga wa pilipili. Mimina maji ya nyanya na ndimu, weka barafu kama ipo, halafu mimina bia iliyopoa, ukiiinamisha glasi, taratibu kabisa, kwa sababu chumvi huifanya bia ifure povu. Mwenye haraka ataishia kufuta meza.

Kazi hiyo huchukua nusu saa, nami nasema nusu saa hiyo ndiyo faida kubwa. Mtu aliyeponda nyanya na kukamua ndimu hainywi glasi yake kwa mkupuo. Atatafuta sato wa kukaanga au ndizi za kuchoma viende pamoja nayo, na chakula tumboni hupunguza kasi ya kileo kuingia katika damu. Na akitaka glasi ya pili, itambidi aponde nyanya nyingine. Wengi wataona uvivu. Uvivu huo na uje.

Lakini nisiwe wakili anayeficha upande wa pili wa jalada. Mosi, chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Sisi wazee wenye shinikizo la damu tuache ukingo wa glasi ubaki mtupu. Ndimu na pilipili zinatosha. Pili, bia iliyopunguzwa bado ni bia. Hakuna kushika usukani wala kuendesha pikipiki baada yake, na aliye chini ya miaka 18 hana nafasi mezani hapo, hata ya kutumwa dukani kuileta chupa. Tatu, huko kwao hunywa michelada asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, jambo ambalo hapa kwetu huitwa kuzimua. Hilo nalikataa. Anayezimua ameanza siku ya pili ya ulevi ule ule, na kuutilia ndimu hakubadilishi jina lake. Tulipokee zuri la mgeni, baya lake tumrudishie.

Nilisomea ualimu katika miaka ambayo Elimu ya Kujitegemea ilikuwa wimbo wa kila chuo. Tulifundishwa kulima, kufuga na kujenga kwa mikono yetu. Sikumbuki mtu yeyote akitufundisha kustarehe kwa kujitegemea, na labda ndiyo maana starehe ndilo jambo pekee ambalo mwanakijiji bado anaamini lazima alinunue kwa mwingine, mbali na kwake, gizani, kwa bei aliyopangiwa. Mimi nasema starehe nayo ni kazi ya nyumbani. Anayekunywa na anywe penye taa, penye chakula, mbele ya watu wanaomjua kwa jina, kwa kipimo alichokipima mwenyewe. Ikiwa ilibidi tufundishwe hilo na watu wa Meksiko, basi tuseme asante, tukachukue chujio.