Macho ya Pamoja Mpakani

Askari aliye zamuni Oraba, wilayani Koboko, ana nchi mbili za jirani mbele yake. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Na ukitoka Arua ukavuka Vurra, Walugbara wa Aru ni ndugu wa hawa wa huku. Kwa hiyo habari za adui huvuka mpaka kwa miguu ya raia kabla hazijafika mezani kwa ofisa yeyote.

Majeshi ya nchi hizo yamekwisha kulilipia somo hili. Tarehe 14 Desemba, 2008, Uganda, Kongo na jeshi la SPLA la Sudan ya Kusini walianza kuwashambulia waasi wa LRA katika hifadhi ya Garamba. Ukungu ulizichelewesha ndege, Kony alikuwa amekwisha kuondoka, na askari wa miguu walifika kambini siku kadhaa baadaye. Waasi wakatawanyika, nao mpango haukuwa umeweka ulinzi wa kutosha kwa raia. Siku ya Krismasi waliingia Faradje, wakaua watu wasiopungua 143. Desemba 2009 waliua wengine wasiopungua 321 katika eneo la Makombo, mahali pasipokuwa na mtandao wa simu. Ulimwengu ukapata habari kamili mwezi Machi, 2010! Redio za upepo zilikuja kuenezwa vijijini Haut-Uele baadaye, nyingi kwa juhudi za kanisa na mashirika ya raia.

Tangu tarehe 30 Novemba, 2021, UPDF na FARDC wamekuwa wakiwaandama ADF pamoja katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, jimbo ambalo Aru ni sehemu yake. Katika mipango ya namna hii wakubwa hupenda kuanza na vyombo: kamera, ramani, ndege zisizo na rubani. Sisi twaona yapasa kuanza na maswali madogo. Doria ya Koboko ikiona nyayo zielekeazo magharibi, itamwita nani upande wa Kongo, kwa masafa gani, na kwa lugha gani, ikiwa mwenzake amezoea Kilingala? Nani atakionya kijiji kilicho njiani? Jina la mama aliyeleta habari litafichwa na nani? Na polisi, ambaye ndiye amjuaye mgeni wa usiku na gari geni, ana kiti katika chumba cha habari, au huambiwa mambo yakiisha?

Majibu hayo yaandikwe na kutiwa saini na pande zote kabla ya ndege ya kwanza kuruka, na kamanda wa kila kituo cha mpakani awe na nakala yake.