Kompyuta za ofisini zisivuke mpaka zikiwa taka

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuilinda programu ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linaloifuata. Kwa ofisi za Kampala, mashine ambazo bado zinawaka zitaondolewa mezani na kupelekwa mnadani. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo yaweza kuwa bidhaa, na yaweza kuwa hasara.

Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kutoa idhini ya maandishi. Kompyuta iliyopimwa na kuthibitishwa kuwa inafanya kazi ni bidhaa. Shehena iliyochanganya nzima na mbovu inaweza kuhesabiwa taka ikifika Busia, Mpondwe au Elegu. Ikizuiwa, anayelipia maegesho na kuhangaika na mzigo si ofisi iliyouza, bali mnunuzi.

Uganda haikuanza leo kuhangaika na suala hili. Bajeti ya 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, na mwaka 2012 nchi ikapata sera ya taka za kielektroniki. Lakini marufuku hulinda mlango wa kuingilia tu. Kompyuta zinazochakaa ndani ya wizara, benki na shule zinahitaji utaratibu wa kutokea.

Utaratibu huo ndio uchumi mzunguko: kifaa kitumike, kitengenezwe, kitumike tena, na mwisho kivunjwe kwa usalama. Ofisi ianze kwa kubadilisha betri au diski, au kuweka programu huria ya Linux, kabla ya kununua mpya. Ikiuza, itoe karatasi yenye namba ya kila mashine, matokeo ya kipimo na uthibitisho kwamba taarifa za wateja zimefutwa. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazilinda taarifa hizo. Mbovu kabisa zipelekwe kwa wakusanyaji wenye leseni, si kuchomwa ili kupata shaba.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi. Barani Afrika, chini ya asilimia 1 ndizo zilizorejelezwa kwa njia rasmi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye umoja wa forodha tangu 2005, haiwezi kushindwa kukubaliana karatasi moja ya kifaa kilichotumika, itakayotambulika katika kila kituo cha mpakani. Hadi ipatikane, mfanyabiashara asinunue fungu asilolipima. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.