Mlima unatoka kwenye hesabu, lakini nyumba iliyobomoka ina mwenyewe

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, simu moja hutazamwa na watu kumi. Picha inaingia kwa WhatsApp: milima ya kijani, ukungu juu yake, na katikati nyumba zilizobomoka. Chini wameandika jina la kijiji cha Masisi ama cha Rutshuru. Mama aliyekimbia kutoka kijiji hicho anaomba apewe simu, anaileta karibu na macho, anatafuta mlango wake.

Picha ikiwa ya kweli, mama analilia kitu kilichopotea. Ikiwa imetengenezwa kwa kompyuta, analilia nyumba ambayo labda bado imesimama. Anaweza kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa, akiamini hakuna kilichobaki. Na siku redio italeta habari ya kweli, atasema hata hiyo ni ya kutengeneza.

Kuchora magofu milimani kwa kompyuta si kosa. Ni kazi ya watu wa filamu na wa michezo ya kompyuta, na kuna wanaoifanya vizuri sana. Kosa linaanza pale mchoro unapotumwa kama habari, na nyumba ya mtu inapobomolewa na kijana ambaye hajawahi kufika kijijini kwake.

Milima ya kompyuta yenyewe si jambo jipya. Mwaka 1980 Mmarekani Loren Carpenter alionyesha filamu fupi, Vol Libre, ambamo mtazamaji anaruka juu ya milima isiyopatikana popote duniani. Njia yake inaelezeka kirahisi. Kompyuta inachukua pembetatu kubwa, inaikata kuwa ndogo, na kila inapokata inasogeza ncha juu au chini kwa kubahatisha. Ikirudia mara nyingi, mlima unatokea. Jicho linakubali, maana hakuna anayeuliza mlima kwa nini umeinuka hapa na si pale.

Nyumba haiko hivyo. Kuna mtu aliyeichagulia mahali. Alitafuta penye maji karibu, akachimba mteremko apate kiwanja cha sawa, udongo akautupa upande wa chini, akafungua njia ya kwenda barabarani, akapanda migomba nyuma. Mchoraji akibandika tu gofu juu ya mlima, upande mmoja wa ukuta unaelea hewani na mwingine unazama ardhini.

Hata anayetumia vipimo vya milima ya kweli anakutana na shida hiyo. Vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi wa pili mwaka 2000, ambavyo leo vinapatikana bure, vinatoa kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Nyumba ya mita 6 kwa 5 inapotea ndani ya mraba mmoja. Kiwanja chake lazima mchoraji akichimbe mwenyewe, kama fundi wa kijijini.

Na kubomoka nako kuna sababu yake. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likabaki gofu. Kuna majengo ambayo ghorofa yake ya chini ilizikwa, ya juu ikageuka kuwa ya chini. Nyumba za mbao hazikuacha ukuta, ziliacha manjanja yaliyojikunja. Wakaaji wakajenga upya juu ya mawe yaleyale. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 lava ilirudi, ikafika Buhene, ikasimama kabla ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo picha inayoonyesha lava ya mwaka huo ikiwa katikati ya mji inajishtaki yenyewe.

Maji nayo yana alama zake. Mwezi wa tano mwaka 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mafuriko yalishuka milimani na matope na mawe makubwa, na zaidi ya watu 400 wakafa. Nyumba iliyopigwa hivyo huvunjika kwanza upande wa juu wa mteremko, na matope huacha mstari ukutani. Nyumba iliyoachwa kwa sababu ya vita ni tofauti. Manjanja yametolewa, milango na madirisha vimebebwa, ukuta wa miti na udongo unayeyuka kwa mvua, majani yanaota ndani ya chumba.

Programu za leo zinazochora picha kwa kupewa maneno mara nyingi hazijui tofauti hizo. Zinaleta kuta za mawe yenye matao, kama ngome za Ulaya, zinaziweka juu ya kilima kinachofanana na Masisi. Anayejua kasoro hiyo mapema kuliko wote ni mzee aliyejenga nyumba tatu katika maisha yake na kuzipoteza zote tatu.

Basi anayetaka mchoro wake uaminike, aende kwanza kwa mzee huyo. Aulize mlango ulitazama wapi, maji yalitoka upande gani, paa lilianguka lini. Kisha aandike ndani ya picha yenyewe kwamba ni mchoro. Maneno ya pembeni hayatoshi, maana picha ikitumwa kutoka kundi moja hadi lingine maneno yanaweza kubaki nyuma.

Kuna wanaosema kwamba mateso ni ya kweli, basi picha ya kutengeneza ikiamsha huruma ya walio mbali, hakuna ubaya. Ubaya uko. Siku itakapogunduliwa, wanaokana mateso hayo watapata silaha. Picha ya kweli ya nyumba ya kweli itawekwa mezani, nao watasema imechorwa. Atakayelipa si aliyechora. Ni familia inayongojea bashi na unga, ambayo ushuhuda wake hautapokelewa tena.

Kwa upande wake, msikilizaji anayepokea picha ana vipimo mkononi bila kusoma kompyuta. Aangalie chini ya ukuta: je, umeshika ardhi? Aangalie mteremko: je, mawe na matofali yameanguka kuelekea chini? Aangalie kivuli cha nyumba na kivuli cha mti kama vinakwenda upande mmoja. Atafute njia ya miguu, maana hakuna nyumba isiyo na njia. Kasoro hizi hazipatikani katika kila mchoro, na wachoraji wanazidi kuwa hodari. Ndiyo maana hatua ya mwisho inabaki ileile ya zamani: kumpigia simu mtu aliye huko, ama kumwonyesha picha mkaaji wa kijiji kilichotajwa.

Kama hakuna anayeitambua, isitumwe tena. Ifutwe kabla haijafika kwa yule mama anayetafuta mlango wake.